Kanisa la mbao la Rogoz: lina umri gani, linasimamaje, na je, tulijenge Kagera?

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo hapa Cluj-Napoca, Romania. Kwetu ni Kagera, na familia yetu ni ya Kiorthodoksi. Chuo kilitupeleka mkoa wa Maramureș kuona makanisa ya mbao, na kijijini Rogoz nilibaki mdomo wazi. Mtu aliyetuongoza alisema makanisa hayo yana zaidi ya miaka 650, hayana msumari hata mmoja, na kwamba Waorthodoksi walijenga kwa mbao kwa sababu wafalme waliwakataza kujenga kwa mawe. Mwenzangu Mromania akaniambia nisiamini kila kitu, na kwamba mengi ya makanisa hayo hata hayakuwa ya Kiorthodoksi. Nimetuma picha nyumbani, na sasa kamati ya ujenzi ya parokia yetu inataka nichore kanisa kama lile. Mnara mwembamba vile unasimamaje bila kuanguka? Na je, niwakubalie wazee?*

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza mambo kadhaa, ila naona linalokukosesha usingizi ni lile la mwisho: wazee wanasubiri mchoro na hujui kama utakuwa umewasaidia au umewatia hasara. Nitalifikia. Lakini siwezi kulijibu kabla hatujaelewana lile jengo linafanya kazi vipi, kwa sababu karibu kila kitu kilichokushangaza pale Rogoz kina sababu yake, na nyingi ya sababu hizo hazipo Kagera.

Tuanze na umri. Miaka 650 inatokana na kanisa jingine, lile la kilimani kijijini Ieud, ambalo kwa muda mrefu lilitajwa kuwa la mwaka 1364. Mwaka huo uliandikwa katika vitabu vya utalii na kurudiwa hadi ukazoeleka. Baadaye wataalamu walichukua sampuli za magogo yenyewe na kusoma pete za miti. Katika nchi zenye majira ya baridi mti huongeza pete moja kila mwaka, nene mwaka wa neema na nyembamba mwaka wa ukame, na mfuatano huo wa nene na nyembamba hauwezi kuigwa na miaka mingine. Ukilinganisha mfuatano wa gogo na ule wa miti ambayo umri wake unajulikana, pete ya mwisho chini ya gome inakwambia mti ulikatwa mwaka gani. Na kwa kuwa maseremala wa kule walijenga kwa mti mbichi, mwaka wa kukata na mwaka wa kujenga hupishana kidogo tu. Magogo ya Ieud yalionyesha miongo ya kwanza ya karne ya 17. Bado ni mzee, lakini amepunguziwa miaka 250 hivi.

Rogoz ni kanisa la Malaika Wakuu, na lilisimama mwaka 1663, baada ya lile lililotangulia kuchomwa katika uvamizi wa Watatari, wapiganaji wa farasi kutoka nyika za mashariki, wa mwaka 1661. Hao Watatari utawakuta tena na tena ukiuliza umri wa makanisa ya huko. Uvamizi wao mkubwa wa mwisho ulikuwa mwaka 1717, na makanisa ya vijiji vya Bârsana na Șurdești kwa kawaida hutajwa kuwa ya karne hiyohiyo ya 18. Mara nyingi mambo yalikwenda hivi: kijiji kilichochomewa kanisa kiliingia msituni, kikakata miti, kikajenga upya. Kwa hiyo unachokitazama ni ufundi wa zamani kwenye magogo ambayo mara nyingi ni ya karne ya 17 na 18. Makanisa manane ya eneo hilo, Rogoz likiwemo, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999.

Kuhusu katazo la mawe, kiongozi wenu hakusema uongo, ila alirahisisha. Eneo hilo lilikuwa chini ya ufalme wa Hungaria uliokuwa Mkatoliki, na Waorthodoksi walibanwa kwa namna nyingi. Hata maelezo ya UNESCO yanalitaja katazo hilo. Lakini misingi ya kanisa la mawe la wakubwa wa Kiromania imefukuliwa Cuhea, kijiji ambacho leo kinaitwa Bogdan Vodă, na ni ya karne ya 14. Tajiri aliyetaka mawe alipata mawe. Mwanakijiji wa kawaida alikuwa na mwaloni na msonobari mlangoni, shoka mkononi, na baba aliyemfundisha kulitumia. Nyumba yake ilikuwa ya magogo, ghala lake la magogo, na geti lake la mbao lilichongwa kuliko hata milango ya matajiri wa mijini. Angejenga kanisa kwa kitu gani kingine? Mimi nalitazama katazo kama sababu mojawapo, tena si ya kwanza.

Mwenzako naye ana hoja, ingawa ameisema vibaya. Kuanzia mwaka 1698 sehemu ya Waorthodoksi wa Transylvania, eneo jirani ambako ndiko Cluj iliko, iliungana na Roma: wakabaki na Liturujia yao, ikoni zao na makasisi wenye wake, lakini wakamtambua Papa. Ndio wanaoitwa Wakatoliki wa Kigiriki. Maramureș ilifuata katika karne ya 18, na makanisa mengi ya mbao yakapita mikononi mwao. Serikali ya kikomunisti ikalipiga marufuku kanisa hilo mwaka 1948 na majengo yakakabidhiwa Waorthodoksi, na baada ya 1989 yakafuata madai na mivutano kijiji kwa kijiji. Ukifika huko, usiwaulize wenyeji kwa sauti ya kuhoji nani mwenye haki. Muundo wa jengo haukubadilika kwa sababu ibada haikubadilika: ukumbi wa mbele ambako zamani walisimama wanawake, sehemu ya katikati walikosimama wanaume, kisha ikonostasi, yaani ukuta wa ikoni, na madhabahu upande wa mashariki.

Sasa ujenzi wenyewe, ambao ndio fani yako. Ukuta wa Rogoz ni maboriti mazito ya mti uitwao elm, yaliyochongwa pande nne na kulazwa moja juu ya jingine. Pembeni, yanapokutana, kila boriti limekatwa ncha inayopanuka kuelekea mwishoni, na ncha hizo zinakumbatiana kwa zamu. Uzito wa juu unapoyakandamiza, ndivyo yanavyozidi kushikana. Katikati ya ukuta, vijiti vya mbao ngumu vimepigiliwa kwenye matundu kuunganisha boriti na boriti lisiteleze. Hapo msumari hauhitajiki, na kwa kiwango hicho kiongozi wenu yuko sahihi. Lakini inua macho kwenye paa: vigae vya mbao unavyoviona leo vimepigiliwa misumari ya chuma, maelfu kwa maelfu. Habari ya “bila msumari hata mmoja” husimuliwa kila penye kanisa la mbao, kuanzia milima ya Carpathia hadi Urusi, na kila mara hukomea ukutani.

Kuna jambo moja kuhusu magogo ya kulazwa ambalo wanafunzi wengi hulikosa. Mti ukikauka hausinyai sawasawa. Kwa urefu wake haupungui kiasi cha kuonekana kwa macho, ila kwa unene wake unapungua asilimia kadhaa. Ukuta wa magogo ya kulazwa kimo chake chote kinatokana na unene, kwa hiyo ukuta wa mita nne uliojengwa kwa mti mbichi unaweza kushuka sentimita kadhaa, hata kumi na zaidi, katika miaka ya mwanzo. Ndiyo maana seremala huacha nafasi juu ya fremu ya mlango na kuificha kwa ubao. Asipoiacha, siku moja ukuta utaukalia mlango na hautafunguka. Na kwa kuwa kila kiungo kinaweza kufunguliwa, jengo zima linaweza kuhama: kanisa la Bârsana lilihamishiwa kwenye kilima lilipo sasa mwaka 1806, na hapo Rogoz, uwanja uleule, kuna kanisa la pili la mbao lililoletwa kutoka Suciu de Sus mwaka 1883. Bila shaka ulilipita ukiwa na haraka ya kupiga picha lile la kwanza.

Mnara je? Watu wengi hudhani umesimikwa ardhini kama nguzo ya simu. Sivyo. Umesimama juu ya ukumbi wa mbele, upande wa magharibi. Nguzo zake zinaanzia kwenye maboriti mazito yaliyolazwa juu ya kuta za ukumbi huo, zimeshikwa na mbao za mshazari ndani ya dari, na paa kubwa linaukumbatia kiunoni kila upande. Fikiria mama aliyejitwisha ndoo ya maji: maadamu uzito umekaa juu ya shingo, unamwimarisha badala ya kumwangusha. Upepo ukiusukuma mnara, viungo vya mbao vinatoa kidogo na kurudi. Kukipiga dhoruba utasikia jengo likilia. Șurdești, kwa vipimo vinavyotajwa mara nyingi, lina mnara wa mita 54 na jumla ya mita 72, na limesimama tangu karne ya 18. Vile vinara vinne vidogo vinavyouzunguka mnara wa Rogoz na wa Șurdești havibebi chochote. Husimuliwa kwamba vilionyesha kijiji chenye haki ya kuamua kesi zake, na nayachukua masimulizi hayo kama masimulizi.

Paa ndipo akili yote ilipo. Ni kali ili theluji isikae, na limeshuka chini kufunika kuta. Ukitazama pembeni utaona maboriti ya juu ya ukuta yamerefushwa kwenda nje, kila moja likizidi lililo chini yake kama ngazi iliyopinduliwa, na ncha zake zimechongwa kama vichwa vya farasi. Si pambo tu: ndizo zinazobeba upenu. Rogoz lina upenu wa tabaka mbili, tena hauko sawa kushoto na kulia. Wa kaskazini umepanuliwa zaidi kwa sababu chini yake kuna meza ndefu ambapo familia hula pamoja kuwakumbuka marehemu wao. Mimi hicho ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote pale. Fundi alikuwa na kanuni ya ulinganifu kichwani, akaivunja ili watu wale bila kunyeshewa.

Vigae vya paa havikatwi kwa msumeno. Gogo la msonobari hupasuliwa kufuata nyuzi zake, kisha kipande kikalainishwa kwa kisu cha mikono miwili. Msumeno hukata nyuzi na kuacha matundu wazi ya kunywa maji. Mpasuko unaziacha nzima, na maji yanateleza juu yake. Hata hivyo vigae huchoka, na baada ya miongo miwili mitatu hubadilishwa. Hapo ndipo siri ya umri mrefu ilipo, kijana wangu. Ukuvu unaoozesha mbao hauanzi kazi mpaka unyevu uvuke kama asilimia 20. Boriti la chini kabisa, lililo juu ya mawe, likibaki kavu, na paa likibadilishwa kwa wakati, mbao haina sababu ya kuoza. Paa likiachwa litoboke kwa miaka kumi, karne tatu zinaisha.

Ndani uliona giza na michoro. Madirisha ni madogo kwa sababu kila tundu ni udhaifu katika ukuta wa magogo. Michoro ya Rogoz ni ya mwaka 1785, kazi ya Radu Munteanu na Nicolae Man, na iko moja kwa moja juu ya mbao. Ukipata ruhusa ya kusogea karibu, utaona vipande vyembamba vya kitambaa vimebandikwa kufuata mistari ambapo mbao zinakutana, na rangi imepakwa juu yake. Mbao zinaposogea kwa majira, kitambaa ndicho kinachochanika kwanza. Usiguse, hata kwa ncha ya kidole. Rangi ya namna hiyo hutoka kama unga.

Twende Kagera. Swali la kwanza la kamati huenda likawa kama imani inadai umbo lile. Haidai. Waorthodoksi wa Kagera wako chini ya Upatriarki wa Aleksandria, na jengo likiwa na madhabahu upande wa mashariki, ikonostasi na nafasi ya waumini, Liturujia itasomwa humo vilevile, liwe la tofali, jiwe au mbao. Msiingie gharama mkidhani mnatimiza amri.

Njia ya kwanza, kuliiga kanisa lile lilivyo, nasema wazi, sikushauri. Mteremko ule wa paa ni wa theluji. Ninyi mna mvua, na Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ambayo inataka upenu mpana kuliko ukali wa paa. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na mnara wa mbao juu ya mlima ni mwaliko; bila kinga ya radi iliyofungwa na kupimwa na fundi anayejua, ni hatari kwa watu. Kisha mchwa. Maramureș ina ukuvu na wadudu wanaotoboa mbao, lakini haina mchwa wanaopanda kutoka ardhini kama wetu. Msonobari usiotiwa dawa hautafika mbali. Mvule unawahimili mchwa, lakini mivule mikubwa imebaki michache, kuikata kunataka kibali, na ukuta wa magogo ya kulazwa unakula mbao nyingi mara kadhaa kuliko ukuta wa nguzo na fremu. Sijui kwa nini tukate mivule ya mwisho kujenga ukuta ambao tofali lingeweza kuujenga.

Njia ya pili ni kuchukua akili ya jengo na kuacha sura yake. Kuta za jiwe au tofali hadi usawa wa madirisha au hata zote, paa kubwa la kenchi za mbao zilizotiwa dawa kwa mgandamizo, kama nguzo za umeme zinavyofanyiwa, na upenu wa mita moja na nusu au zaidi. Mbao yoyote ikae angalau nusu mita juu ya ardhi, na juu ya msingi pawekwe bati lililokunjwa kuelekea chini. Bati halimuui mchwa; linamlazimisha ajenge njia yake ya udongo mahali ambapo jicho litaiona, kisha mnaibomoa. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa parokia anayezunguka kutazama kila mwezi. Upande mmoja wa upenu muupanue kama Rogoz, watu wapate kivuli na mahali pa kula baada ya ibada. Kengele ikae kwenye mnara mfupi uliosimama peke yake, wenye kinga ya radi. Hilo litagharimu kidogo, na mafundi wenu wanaliweza.

Njia ya tatu ni kanisa lote la mbao lakini la nguzo na fremu, si magogo. Linawezekana, na linaweza kuwa zuri sana. Ila uliza kwanza nani atalitunza mwaka wa ishirini, fedha za dawa na rangi zitatoka wapi, na moto ukitokea maji yako umbali gani. Kama kamati haina majibu, rudini kwenye njia ya pili.

Michoro ya mwanafunzi, hata awe mzuri kiasi gani, isiende moja kwa moja kwa fundi. Jengo la kukusanya watu mamia linahitaji msanifu na mhandisi waliosajiliwa na bodi zao, waliofika kiwanjani, wakachimba mashimo ya kupima udongo na kutazama vichuguu vilivyopo jirani. Ofisa misitu wa wilaya aulizwe kuhusu mbao kabla ya kununua, si baada ya lori kukamatwa. Na mchoro wa awali aonyeshwe askofu mapema, kwa sababu mpangilio wa madhabahu ni wa kwake kuamua. Mimi kwa maandishi siwezi kukwambia kenchi yako iwe na unene gani; anayekutajia bila kuona kiwanja, mwogope.

Kwa upande wako, huna haja ya kurudi Rogoz kwanza. Hapo Cluj, kwenye makumbusho ya wazi ya Hoia, kuna kanisa la mbao lililohamishwa kutoka kijiji cha Cizer, la mwaka 1773. Fundi wake aliacha jina: ni Ursu, yuleyule aliyejulikana baadaye kama Horea, kiongozi wa uasi wa wakulima wa mwaka 1784 aliyeuawa mwaka uliofuata. Nenda na futi na daftari. Chora pembe moja ya ukuta kutoka boriti la chini hadi upenu, pima kila boriti, pima upenu umetoka nje kiasi gani, na tazama ni wapi mbao imekuwa nyeusi kwa unyevu na ni wapi imebaki kavu. Kisha waandalie wazee michoro miwili yenye makadirio ya gharama, mmoja wa njia ya pili na mmoja wa tatu, na kwenye kila mmoja uweke safu ya gharama za matunzo kwa miaka ishirini.